Uliza Mwalimu wa Lugha: Mkutano "umeletwa mbele" siku mbili. Ni Jumatatu au Ijumaa?

Mwalimu, hujambo?

Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni moja ya kuuza vifaa vya ujenzi huku Industrial Area. Jioni nasomea CPA mjini. Nakuandikia kwa sababu sentensi moja ya Kiingereza imenitia mashakani kazini, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Mkutano wetu na wakaguzi wa hesabu ulikuwa umepangwa Jumatano. Alhamisi ya wiki iliyotangulia, meneja wa fedha alitutumia imeili sisi sote. Nainakili ilivyokuwa: "Please note that Wednesday's meeting with the auditors has been brought forward by two days. Kindly have the stock figures ready as the team leaves for Eldoret on Thursday."

Mimi nilielewa kwamba mkutano umesogezwa mbele siku mbili, yaani hadi Ijumaa. Nikaomba ruhusa ya Jumatatu nimpeleke mama kliniki Machakos. Msimamizi wangu akaniruhusu bila swali lolote, na yeye imeili hiyo aliipata kama sisi. Jumatatu saa tatu asubuhi simu ikaanza kulia. Wakaguzi wameketi, hesabu za stoo hazionekani, niko wapi? Hesabu nilikuwa nimezimaliza tangu Jumamosi, ila zilikuwa kwenye kompyuta yangu. Nikasimama kwenye foleni ya kliniki nikiwasomea nenosiri herufi moja moja, wagonjwa wote wakinisikiliza.

Niliporudi nikapewa barua ya kutakiwa nijieleze. Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Meneja aliniambia mbele ya watu, "Kama Kiingereza kinakushinda, hizo hesabu unaziandika kwa lugha gani?" Neno hilo bado linaniuma.

Binamu yangu ni mwalimu wa Kiingereza Kitengela. Anasema hata mtoto wa kidato cha kwanza anajua kwamba mkutano ulikuwa Jumatatu. Lakini mwenzangu wa stoo alielewa Ijumaa kama mimi. Tena kwenye leja tunaandika "balance brought forward", na hilo ni salio la mwezi uliopita linaloingia mwezi unaofuata. Linaenda mbele, halirudi nyuma! Nilipotafuta kwenye kamusi ya simu nikapata maana kadhaa, nyingine inasema ni kutoa hoja.

Mwalimu, nani ana haki? Na mtu ataelewaje vitenzi hivi vya Kiingereza? Orodha yake niliikariri yote kidato cha tatu, na KCSE nilipata B ya Kiingereza.

Karani, Industrial Area


MWALIMU ANAJIBU

Karani, pole kwa yaliyokupata, na mama apate nafuu.

Nikutoe wasiwasi mapema: mkutano ulikuwa Jumatatu. Katika Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho shule na ofisi zetu hukifuata, "bring forward" ikisemwa kuhusu mkutano, safari, mtihani au tarehe yoyote, maana yake ni kuuwahisha. Shughuli ya Jumatano ikiletwa mbele siku mbili inafanyika Jumatatu. Binamu yako amesema kweli kuhusu maana. Kuhusu mtoto wa kidato cha kwanza ametia chumvi, kwa sababu watu wazima wenye digrii wanapotea papo hapo kila mara, na wanapotea kwa sababu inayoeleweka.

Kwetu sisi, kikao kikisogezwa mbele kimeahirishwa. Redio ikitangaza kwamba uchaguzi wa chama umesogezwa mbele, hakuna mgombea anayekimbia kubandika mabango usiku huohuo. Harusi ikisogezwa mbele, kamati inashusha pumzi kwa kuwa imepata muda zaidi wa kuchangisha. Mbele, kwenye masikio ya Mswahili, ndiko ziliko siku ambazo hazijafika. Kwa hiyo uliposoma ile imeili uliigeuza moyoni kuwa Kiswahili, na kwa Kiswahili jibu lako ni sahihi kabisa. Mwenzako wa stoo alifanya hivyohivyo. Tatizo ni kwamba meneja hakuandika Kiswahili.

Hoja yako ya leja ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa kuwa umeikamata sehemu yenyewe yenye utata, ila umeishika kwa upande wa makali. Itazame tena. Ukijaza ukurasa wa leja, chini kabisa unaandika "carried forward". Ukifungua ukurasa mpya, juu unaandika "brought forward". Pesa ni zilezile, hata senti haijabadilika. Kwa nini basi vitenzi viwili? Kwa sababu wewe mwenyewe umehama. Ukiwa kwenye ukurasa wa zamani unalipeleka salio kwingine. Ukiwa kwenye ukurasa mpya unaliona likija kwako. "Bring" ni kuleta, na kuleta kunakuja mahali alipo msemaji.

Sasa rudi kwenye kalenda. Meneja anaandika Alhamisi. Mkutano uko kule Jumatano ya wiki ijayo, nanyi mmesimama huku. Akisema umeletwa, basi umekuja upande wenu, umewakaribia. Salio la leja lilitoka mwezi uliopita likaja mlipo, mkutano ukatoka wiki ijayo ukaja mlipo. Vimetoka pande mbili tofauti, lakini vyote vinakuja. Wewe ulishika "forward" ukaiacha "bring", na katika sentensi hii "bring" ndiyo iliyobeba mwelekeo.

Ndiyo maana ukisoma kwenye kumbukumbu za kikao kwamba ajenda fulani imekuwa "carried forward to the next meeting", hapo mambo yanageuka. Imepelekwa kikao kijacho, imecheleweshwa. "Forward" ni ileile, lakini kitenzi kilichotangulia kimebadilika na siku nazo zimebadilika.

Usidhani wenye lugha yao wako salama. Kuna sentensi ya Kiingereza ambayo wataalamu wa saikolojia wameitumia kwa miaka mingi kuwapima watu: mkutano wa Jumatano ijayo umekuwa "moved forward two days", utafanyika siku gani? Hapo si "bring" tena, ni "move", kusogeza tu, bila kueleza upande. Waulizwaji, wazaliwa wa Kiingereza, hugawanyika. Wengine husema Jumatatu, wengine Ijumaa. Mwaka 2002 Lera Boroditsky na Michael Ramscar walichapisha utafiti ambao sehemu yake ilifanyika kwenye uwanja wa ndege wa San Francisco. Waliotoka kushuka kwenye ndege walielekea kujibu Ijumaa zaidi kuliko waliokuwa wamekuja kupokea wageni. Aliyetoka safarini bado anajihisi yeye ndiye anayesonga kwenda mbele kwenye siku, kwa hiyo anausogeza mkutano njia hiyohiyo. Aliyekaa akingoja anaona siku ndizo zinazomjia. Ukiwa na bosi anayependa "move forward", muulize siku palepale, wala usione haya.

Lakini "brought forward" ya meneja wako haina utata huo, na hapa nitakugombeza kidogo. Jibu lilikuwa ndani ya imeili yenyewe. Sentensi ya pili inasema wakaguzi wanaondoka kwenda Eldoret Alhamisi. Kama wako njiani Alhamisi, Ijumaa utaketi na nani? Maana uliyoichagua haikuweza kukaa pamoja na sentensi iliyofuata. Ukikuta hivyo, usiilazimishe sentensi ya pili ikubaliane na wewe. Rudi uichunguze ile ya kwanza. Naelewa ilivyokuwa: ukishafurahi kwamba umepata siku mbili za ziada, macho yanateleza juu ya Eldoret kama haipo.

Meneja naye hachomoki hivihivi. Aliandika "by two days". Hiyo "by" inapima umbali tu. Angeandika "to Monday" ungekuwa kazini Jumatatu saa mbili kamili na kalamu mkononi. Mtu anayewabadilishia watu siku ya mkutano bila kuitaja siku yenyewe ameacha nusu ya kazi mezani. Na msimamizi wako, aliyeipata imeili hiyohiyo kisha akakupa ruhusa ya Jumatatu, ama alielewa kama wewe ama hakuisoma. Kumbuka jambo hilo, litakufaa mbele ya safari.

Sasa lile swali kubwa, la kuvielewa vitenzi hivi. Orodha ya kidato cha tatu ilikufaa kwenye sehemu ya sarufi ya Karatasi ya Pili, ambako unapewa sentensi fupi na kuambiwa ujaze au ubadilishe. Kwenye imeili ya bosi haitoshi. Orodha inakupa kitenzi kimoja na maana moja, nacho kitenzi hakitembei peke yake. Chukua "bring up". Ukiileta kwa mtoto ni kumlea. Kwenye mkutano, ukiwa na jambo, ni kulitaja ili lijadiliwe. Mgonjwa aliyekula chakula kikamkataa, akikifanyia hivyo, amekitapika. Na ukienda masjala ya ofisi ya serikali utakuta faili limeandikwa herufi B.U. na tarehe: ni "bring up" hiyohiyo, maana yake faili lirudishwe mezani kwa afisa siku hiyo. Ukiuliza tu "bring up maana yake nini", hakuna mwalimu anayeweza kukujibu vizuri. Uliza kwanza ni kitu gani kinachofanyiwa hivyo.

Ile maana ya kutoa hoja uliyoiona kwenye simu nayo ni ya kweli. Mtu anaweza "bring forward" pendekezo, ushahidi, hata shahidi mwenyewe, yaani kumleta mbele ya wanaosikiliza. Kamusi haikukudanganya. Ilikupa maana zote kwa pamoja ikakuachia uchague, na ulipaswa kuchagua kwa kutazama kilicholetwa. Meneja alileta mkutano, hakuleta hoja. Ukifungua kamusi, pita maana zenyewe uende kwenye mifano, utafute mfano wenye kitu kinachofanana na chako: tarehe kwa tarehe, pesa kwa pesa, mtu kwa mtu. Utakuwa umeipata kabla chai haijapoa.

Na jambo hili wala si geni kwako. Unapiga pasi, unapiga kura, unapiga magoti, unapiga simu, unapiga chuku, na katika yote hayo hakuna anayeumia. Hukuwahi kukariri orodha ya "piga". Ulisikia nguo, ukajua pasi. Mgeni anayejifunza Kiswahili analia kwa ajili ya "piga" kama unavyolia wewe kwa "bring". Tofauti ni kwamba Kiswahili hupenda kubadilisha mwisho wa kitenzi chenyewe: hama na hamia, funga na fungua. Ukisikia amehama Umoja na amehamia Umoja, unajua wapi pa kumpelekea mzigo. Kiingereza kazi hiyo nyingi kinamwachia kijineno kinachofuata nyuma, na vijineno hivyo sikio letu huvidharau.

Huku Nairobi ndiko tunavidharau zaidi. Tunasema "pick me at five" tukaacha "up", tunalalamika mtu "is not picking" simu zetu, kisha "up" hiyo tuliyoiokoa tunaenda kuibandika pasipohitajika tukasema "cope up with". Tunaelewana wenyewe vizuri sana na mimi siyo askari wa Kiingereza. Ila ukizoea kwamba kijineno ni pambo, siku kikiwa ndicho kinachoamua tarehe hutakiona.

Kwa kuwa uko ofisini na tarehe ndizo zinazowagombanisha watu, nikutajie vichache vya jamii hii vitakavyokujia tena. "Put off" ni kuahirisha, ingawa harufu ya samaki waliooza nayo inaweza kuku-"put off", ikakuondolea hamu ya kula. "Push back" na "put back" kwa mkutano ni kuuchelewesha. Hapo Mswahili anapigwa chenga mara ya pili, kwa kuwa anasikia "nyuma" akadhani ni mapema. "Call off" ni kufuta kabisa, usikae ukingoja tarehe mpya. Na ukikuta "put back" inahusu faili au kiti, hakuna tarehe hapo, wanataka tu ukirudishe mahali pake.

Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kujibu imeili kwa mstari mmoja, "Noted, so Monday", ukaitaja siku kwa jina. Ukikosea, aliyeandika atakurekebisha siku hiyohiyo. Asipokurekebisha, maandishi yapo. Ungefanya hivyo Alhamisi ile ukaandika Friday, haya yote tusingekuwa nayo.

Tuje kwenye barua yako. Jibu kwa lugha ambayo ofisi yenu huandikiana, ili lisihitaji mkalimani kwenye faili. Kiswahili si cha kuonea haya: Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kile kijembe cha meneja kiache. Barua ya kujieleza si mahali pa kulipizana, na ukikitaja tu, watakaoisoma watasahau Eldoret na hesabu na kubaki na ugomvi wenu wawili.

Usiandike kwamba imeili ilikuwa mbaya. Usiandike pia kurasa mbili za kuomba radhi. Eleza ulivyoisoma: kwamba uliichukulia kuwa mkutano umeahirishwa hadi Ijumaa, na sasa unaelewa ulikuwa umewahishwa hadi Jumatatu. Eleza kwamba ruhusa uliiomba na ukapewa na msimamizi, utaje siku uliyoiomba. Eleza kwamba hesabu zilikuwa tayari tangu Jumamosi na wakaguzi walizipata asubuhi ileile kupitia nenosiri ulilolitoa kwa simu. Kisha pendekeza mambo mawili: mabadiliko ya mikutano yatajwe kwa siku na tarehe, na hesabu zinazohitajika na watu wengi ziwekwe mahali ambapo msimamizi pia anaweza kuzifungua. Na nenosiri lile libadilishe leo, foleni nzima ya kliniki inalijua.

Usilale macho kwa hofu ya kufukuzwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni amweleze kwanza sababu, kwa lugha anayoielewa, na amsikilize. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, wakati wa maelezo hayo. Ukiitwa kwenye kikao, mwombe huyo mwenzako wa stoo aketi nawe, kwa kuwa imeili aliisoma kama ulivyoisoma.

Ambatisha nakala ya imeili na nakala ya ruhusa yako. Peleka jibu siku kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi, na nakala moja ibaki kwako ikiwa na sahihi ya aliyeipokea pamoja na tarehe.